Asubuhi ya Mwezi Thelathini Shaaban

"Hebu niambie, Mwanabibi, nusu yako ni ile yenye jiko au ile yenye mlango?"

Swali hilo Safiyya, jirani wa ukuta kwa ukuta, alimuuliza mwenzake siku talaka ilipotoka, miaka minane iliyopita, na watu wa kisiwa cha Chula wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Maana nyumba ya mawe ina mlango mmoja na jiko moja, na Mwalimu Badi, imamu wa kisiwa, alikuwa ameigawa kwa maneno tu: nusu ya Fuadi, nusu ya Mwanabibi, na atakayejaliwa uwezo kwanza anunue nusu ya mwenzake. Hapakuchorwa mstari. Fuadi alihamia kwa mke mpya, Mwanabibi akabaki ndani, na kila baada ya sala akamwomba Mungu uwezo.

Mungu akampa. Binti yao Lubna, aliyeko ughaibuni, alituma alichotuma. Mwanabibi akauza bangili zake za harusi, akamwendea Fuadi kwa adabu, akamwambia, Baba Lubna, niuzie nusu yako. Fuadi akasema haya, hakuna tatizo. Wiki mbili baadaye akaenda Kismayo kwa kadhi, akatoa karatasi. Karatasi ilisema kwamba Mwanabibi alishamuuzia yeye nusu yake, miaka sita iliyopita, na kwamba tangu siku ile alikuwa akikaa humo kwa hisani tu.

Karatasi hiyo sasa ilikuwa ndani ya mfuko mwangavu wa plastiki, juu ya mkeka wa Mwanabibi, na Sajini Twahira wa polisi ya Kismayo alikuwa ameiinamia na kioo cha kukuzia mkononi. Kadhi ndiye aliyemwomba aje. "Kesho kutwa nahukumu," alimwambia. "Mwanamke asema hakuuza, karatasi yasema ameuza. Nenda kanitafutie mwongo. Na usiwasomee watu kilichoandikwa, wasije wakajitengenezea majibu."

Twahira alizaliwa Koyama, kisiwa cha jirani. Alijua kwamba nyumba ya mawe kisiwani haijengwi mara mbili katika umri wa mtu. Alijua pia, kwa kuwa alishauliza bandarini, kwamba bwana mmoja wa mjini ameitazama nyumba hii mara mbili, akipima kuta kwa hatua, akitafuta mahali pa kuweka majokofu ya kamba wa baharini. Karatasi ikisimama, Mwanabibi atatoka na mkeka wake kabla mwezi haujaisha.

"Nipe dole gumba la mkono wa kulia, dada," alisema.

Mwanabibi alilitoa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kidogo, mrefu, mkavu, leso yake imefungwa imara kama ya mtu anayekwenda kazini. Sajini alimpaka wino, akalikandamiza juu ya kadi nyeupe mara tatu, akaziweka kadi kando ya karatasi. Akahesabu mistari ya dole. Akaihesabu tena. Katikati palikuwa na kovu lililopinda kama ndoana, na juu ya karatasi ya Fuadi kovu lilikuwapo, limepinda upande ule ule.

"Kovu hili umelipata lini?"

"Nikiwa mwari. Kisu cha kuparia samaki."

"Basi kidole hiki ni chako."

"Changu vipi?"

"Chako, dada Mwanabibi. Sina shaka nacho."

"Basi kilitoka kikaenda peke yake, maana mimi sikwenda nacho."

Twahira hakucheka. Alimtazama usoni. Katika kazi yake alikuwa ameona watu wengi wakibanwa na alama ya kidole. Wengine huapa, wengine hulia, wengine husema walikuwa wagonjwa siku ile. Huyu hakufanya hata moja. Mishipa ya shingo tu ndiyo iliyoanza kumsimama.

"Umewahi kutia kidole karatasi aliyokuletea Fuadi?"

"Nyumba sikuuza."

"Sikukuuliza nyumba. Nimekuuliza kidole."

"Na mimi nakujibu nyumba, Sajini, kwa sababu nyumba ndiyo niliyolala ndani yake jana. Mawe haya niliyabeba kichwani na mimba ya Lubna tumboni. Chokaa niliichoma mimi, macho yakaniwasha miezi miwili. Boriti alinunua Fuadi, simnyimi. Ndiyo maana nikasema nusu kwa nusu. Sikumwambia mwanamume yule nipe chako. Nilimwambia niuzie. Mtu akikujia na fedha mkononi, na salamu, na heshima, wewe unamgeuzia kwamba yeye ndiye mgeni nyumbani kwake? Hata mwizi ana haya ya kusubiri ulale. Na wewe nawe, mwanamke mwenzangu, mtoto wa Koyama, waja kuniambia kidole ni changu. Haya. Ni changu. Na mkono je, ni wangu? Na ulimi?"

Aliinuka akaingia jikoni, na sufuria zikasikika.

Twahira aliandika kwenye kijidaftari chake: kuhusu kidole, hakujibu. Kisha akairudia karatasi. Safari hii hakutazama dole, alitazama kalamu. Mstari wa mwisho, wenye majina ya mashahidi wawili, ulikuwa umebanana kuliko mingine. Mkia wa herufi moja ulikuwa umeshuka mpaka ndani ya alama ya dole, na wino wa buluu wa kalamu ulilala juu ya wino mweusi wa kidole. Haukuwa chini yake. Watu huandika kwanza, ndipo wakatia kidole. Hapa kidole kilitangulia.

Lakini hilo peke yake halikutosha. Wakili yeyote angesema: majina ya mashahidi yaliongezwa baadaye, kuna ubaya gani? Sajini alikunja mfuko wake, akaaga kupitia mlango wa jikoni, akatoka.

Shahidi mmoja wa karatasi alikuwa Mzee Fumo Athmani, fundi wa mashua, aliyefariki miaka mitano iliyopita. Maiti haihojiwi. Shahidi wa pili, Idarus, alikuwa hai, na sauti ya nyundo yake ilisikika ufuoni.

Alikuwa amechuchumaa chini ya mashua mpya, akisukumia pamba kwenye viungo vya mbao kwa patasi butu. Mtu wa miaka arubaini, mikono mizito, kofia imerudi nyuma.

"Karibu, Sajini. Wajua kushika nyundo?"

"Najua kushika watu, kaka Idarus."

Alicheka, lakini aliiweka nyundo chini.

"Nisimulie siku ile ya karatasi."

"Nimeshamsimulia kadhi."

"Kadhi ana masikio yake, na mimi nina yangu."

Idarus akajifuta jasho, akakaa juu ya gogo. "Ilikuwa asubuhi. Siku ya kuvunja jungu, kesho yake tufunge Ramadhani. Tulikaa ukumbini kwa Mwanabibi, mimi, Fuadi, na marehemu Mzee Fumo, Mungu amrehemu. Karatasi ikasomwa. Mwanabibi akapokea chake, akatia kidole. Kisha akatupakulia halwa kwa mkono wake, na kahawa ya tangawizi. Mzee Fumo alikunywa vikombe vitatu. Akasema, kesho saa kama hizi nitakuwa nakitazama kikombe nacho kinanitazama."

"Ulikuwapo mwanzo mpaka mwisho?"

"Mwanzo mpaka mwisho."

"Karatasi iliandikwa kabla ya kidole, au baada?"

"Kabla, bila shaka. Mchu, mtu mwenye akili, hutia kidole karatasi tupu?" Alicheka tena, upesi mno.

"Na majina yenu mashahidi?"

"Yote kabla. Kila kitu kabla."

"Sawa." Twahira aliandika polepole, neno kwa neno, ili Idarus aone anavyoandika. "Nyundo hii yaonekana ya zamani."

Sura ya Idarus ikalainika. Aliiokota, akaigeuzageuza. "Ya Mzee Fumo. Sanduku zima la vyombo aliniachia mimi, na ana watoto wa kuzaa. Nilikuja kwake yatima, sijui ubao wala ubavu wa mashua. Kila ninachokula leo ni mkono wake ulionifunza."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Hakuwa na maneno mengi. Akisema jambo limesemwa."

Twahira alimshukuru akaenda zake juu ya mchanga, akiyapanga maneno. Fuadi naye, alipohojiwa Kismayo siku tatu zilizopita, alitaja halwa, tangawizi, vikombe vitatu, na kikombe kinachomtazama mzee. Watu wawili wakikumbuka vikombe vitatu baada ya miaka sita, ama walikuwapo, ama wamekaa pamoja wakavihesabu. Ila jambo moja lilimsumbua. Idarus aliposimulia ile kahawa, uso wake ulikuwa wa mtu anayekumbuka. Maneno ya kutunga hutoka yamenyooka. Haya yalitoka na ladha. Siku ile ilikuwapo mahali fulani.

Palibaki saini ya marehemu. Kama ilighushiwa, kazi ilikuwa imekwisha. Alihitaji saini nyingine ya kulinganisha, iliyo ya kweli, akaenda kuitafuta kwa Mwalimu Badi, aliyemkuta chuoni, kwenye madrasa yake, akiwaruhusu watoto.

"Fumo alikuwa mtu wa nyundo, mwanangu," alisema Mwalimu, akikuna ndevu. "Barua hakuwa nazo. Hakuwa na deni la mtu wala mkataba wa mtu. Labda kwenye mwezi."

"Mwezi gani, Mwalimu?"

"Wa Ramadhani. Hapa kwetu mtu akija kusema nimeuona mwezi, simwachi hivihivi. Namwapisha, naandika, yeye anatia saini. Kufungisha kisiwa kizima si mchezo, mchu asije akakana kesho. Desturi hii niliikuta kwa babangu."

Alifungua kabati, akatoa daftari la shule lililofungwa kwa kitambaa cha kijani, akalipekua karatasi moja moja kwa kidole kilicholowa mate. Mzee Fumo alikuwa na macho makali. Saini yake ilikuwamo mara nne. Twahira alitoa kioo, akalinganisha herufi. Ile ya kwanza ilikuwa na tumbo, ya mwisho ilikuwa na mkia uliorudi nyuma. Ya kwenye karatasi ya nyumba nayo ilikuwa na tumbo, na mkia uliorudi nyuma.

"Imefanana," alisema, na sauti ikamshuka.

"Hukutaka ifanane?"

"Nilitaka nijue, Mwalimu." Lakini alikuwa amepoteza nusu ya siku. Mtu anayejua mkono wa marehemu vizuri anaweza kuuiga. Kulithibitisha hilo mbele ya kadhi, kwa herufi nne, ni kuteka maji kwa kikapu. Alinyoosha mkono kulifunga daftari, ndipo jicho lake lilipopanda kutoka kwenye saini ya tatu hadi kwenye maneno yaliyo juu yake.

Akayasoma. Akafungua mfuko wake, akaitazama karatasi ya Fuadi mahali ilipoandikwa tarehe. Akarudi kwenye daftari: mwaka ulikuwa ule ule.

"Mwalimu, nisomee hapa, tafadhali. Kwa sauti."

Mwalimu Badi alivaa miwani. "Jioni ya mwezi ishirini na tisa Shaaban. Mwezi umeonekana baada ya Magharibi, mwembamba kama ukucha, ukatua upesi. Shahidi Fumo Athmani ameapa na ametia saini. Kesho tunafunga." Alivua miwani. "Naukumbuka mwaka huo. Ulikuwa na mawingu. Fumo peke yake ndiye aliyeuona, wengine wakanung'unika, nikawaambia Fumo hajawahi kunidanganya hata kwa ubao mmoja."

"Kwa hiyo asubuhi iliyofuata ilikuwa nini?"

"Ilikuwa Ramadhani, mwezi mosi. Kisiwa kizima tulifunga."

"Mwezi thelathini Shaaban haukuwapo?"

"Mwaka ule Shaaban ilikufa na siku ishirini na tisa."

"Na Kismayo?"

"Walifunga nasi. Mombasa ndio waliofunga kesho yake. Nakumbuka kwa sababu ya Idi, jamaa zetu wa huko walitupigia simu kutwambia tumekula siku, na sisi tukawaambia nyinyi ndio mmeongeza, tukabishana mpaka salio likatuishia."

Twahira alikaa akitazama ukuta. Karatasi ilisema: asubuhi ya tarehe thelathini Shaaban, hapa Chula, mbele ya Fumo Athmani. Sasa alijua Idarus aliinywea wapi kahawa yake.

"Mwalimu," alisema, "naomba baada ya sala ya Alasiri unikusanyie watu watatu hapo barazani pa msikiti. Fuadi, Idarus na Mwanabibi. Na daftari hili ulishike wewe mwenyewe, usimpe mtu."

Fuadi alifika kwanza. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mji, na alitembea kama mwenyekiti: kanzu imepigwa pasi, udi umemtangulia, salamu kwa kila mlango. Idarus alikuja na vumbi la mbao mikononi. Mwanabibi alikaa mwisho wa baraza, mgongo ukutani, hakumtazama yeyote.

"Sitawachelewesha," alisema Twahira. "Bwana Fuadi, nikumbushe tena siku ile. Ilikuwa siku gani?"

"Ya mwisho ya Shaaban. Nimekwambia Kismayo, nakwambia hapa."

"Asubuhi?"

"Saa tatu, saa nne."

"Mkala halwa."

"Tukala halwa, tukanywa kahawa. Mama Lubna mwenyewe alitukaribisha, sijui kimemwingia nini leo cha kukana. Watoto walio mbali humtia mtu kiburi."

Mwanabibi alikohoa. Twahira aliinua mkono kidogo, akamzuia.

"Kaka Idarus, na wewe wasema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Mko tayari kuapa mbele ya kadhi, kwa Msahafu?"

"Hata sasa hivi," alisema Fuadi. Idarus alitikisa kichwa kukubali, macho yake chini.

"Mwalimu, tusomee."

Mwalimu Badi akasoma. Alisoma polepole kama anayesomesha, na alipofika kwenye jina la Fumo Athmani alisita, akasema Mungu amrehemu, akaendelea mpaka kesho tunafunga. Nyuma ya ukuta mtu alikuwa akiteka maji kisimani, ndoo ikagonga jiwe.

Fuadi ndiye aliyepata ulimi kwanza. "Mzee Fumo alikuwa mzee. Macho ya uzee huona miezi mingi. Mombasa walifunga kesho yake, na sisi tulifunga na..."

Akanyamaza.

"Nyinyi mlifunga na nani, bwana Fuadi?"

"Nasema tu. Watu walifunga siku mbalimbali."

"Watu wa Chula walifunga siku moja. Mwalimu ameandika. Nyinyi wawili mnaikumbuka siku ambayo haikuwapo hapa, na mnaikumbuka vizuri, kwa sababu ilikuwapo kweli. Mlikuwa Mombasa. Mlivunja jungu huko, mkanywa kahawa huko. Mlipotaka siku ya kuandika, mkachagua ile mnayoikumbuka pamoja, msije mkahitilafiana. Kumbe kisiwani tayari watu walikuwa na kiu."

"Hizo ni dhana," alisema Fuadi. "Mimi sikumbuki nilikuwa wapi mwaka ule. Huenda tarehe ilikosewa na kalamu. Tarehe ni kitu gani? Kidole ndicho kitu, na kidole ni chake."

"Tarehe imekosewa na kalamu," alisema Twahira. "Sawa. Basi tuiache kalamu." Alimgeukia Idarus. "Wewe umeniambia ulikuwapo mwanzo mpaka mwisho. Umeniambia Mzee Fumo alikunywa vikombe vitatu, akala halwa, asubuhi ile. Mtu aliyeuona mwezi kwa macho yake jioni, akaapa, akatia saini, akakifungisha kisiwa kizima. Kulipokucha akaenda kwa Mwanabibi akala mchana wa Ramadhani. Nitaliandika hivyo. Nitampelekea kadhi, naye atalisoma mbele ya watu, na watoto wa Mzee Fumo watakuwapo. Niliandike, kaka Idarus?"

Mikono mizito ya Idarus ilikuwa magotini. Ilianza kusuguana, vumbi la mbao likadondoka sakafuni.

"Idarus," alisema Fuadi kwa upole, "usijibu kitu usichotaka."

"Mzee Fumo hakula," alisema Idarus.

"Sema tena."

"Mzee Fumo hakula mchana wa Ramadhani maisha yake yote. Hakuwapo. Na mimi sikuwapo. Tulikuwa Mombasa, mimi na Fuadi, tulikwenda kununua mashine ya mashua. Ile ya vikombe vitatu ni maneno ya mzee mmoja wa mkahawani. Fuadi alisema tumpe Mzee Fumo, yeye ameshakufa hatamdhuru mtu. Saini nimeiga mimi. Ule mkono naujua, aliandika jina lake juu ya kila chombo alichonipa." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa na mashua haijalipiwa, Fuadi akasema atailipia. Sisemi ni udhuru."

"Na kidole changu?" Ilikuwa mara ya kwanza Mwanabibi kusema. Sauti yake haikupanda. "Hicho nacho alikiiga?"

Idarus alimtazama, akatazama pembeni. "Kidole ni cha siku ya unga. Mwaka wa tufani, ulipokuja unga wa msaada. Wanawake mlitia vidole kwenye karatasi tupu, Fuadi akasema majina yatapigwa chapa Kismayo. Yako alibaki nayo."

Mwanabibi alifumba macho, akafumbua. Fuadi alikuwa ameshaacha kumtazama Sajini. Alisogea mbele kidogo, akanyoosha kanzu yake, na alipoongea sauti yake ilikuwa ile ya mume wa zamani.

"Mama Lubna. Tuna mtoto mimi na wewe. Tusiaibishane. Shetani amepita kati yetu, basi. Nusu yangu ichukue leo hii, kwa bei tuliyosema, hata chini ya hapo. Yule wa majokofu nitamrudisha mimi. Mwalimu ataandika sasa hivi, wewe utakuwa na nyumba yote, mlango na jiko, na karatasi hii ichanwe hapa hapa."

"Karatasi hii haichanwi na wewe," alisema Twahira. "Aliyeshitaki kwamba karatasi ni ya uongo ni dada Mwanabibi. Akiondoa mashtaka yake, nitamwambia kadhi ameyaondoa. Asipoyaondoa, nakwenda nayo."

Mwalimu Badi aliutafuta uzi wa tasbihi yake. "Suluhu ni kheri, mwanangu," alimwambia Mwanabibi. "Ulichokiomba miaka minane kimekujia mikononi. Mwenyezi Mungu apenda sitara. Chukua nyumba yako, yeye muachie aibu yake."

Kutoka barazani pale paa la nyumba lilionekana, na ukuta wa nyuma ambao chokaa yake ilikuwa imebabuka. Mwanabibi aliutazama ukuta ule. Twahira naye alingoja. Alikuwa ameona wengi wakichukua sitara, na hakumlaumu hata mmoja.

"Siku ile ya unga," alisema Mwanabibi, "tulipanga foleni tangu jua halijapanda. Jua lilitupiga, mtoto wa Dalila akazirai. Mbele yangu alikuwa Safiyya. Nyuma yangu, Mwalimu, alikuwa mkeo."

Tasbihi ikasimama.

"Mwanamke mjane wa kule mwisho wa mji, yule mwenye minazi mitatu, naye alikuwapo. Wote waliokuwa na kibanda, na shamba, na kisima. Kila mmoja na karatasi yake, kila mmoja kidole chini. Hatukusoma. Kulikuwa na nini cha kusoma? Tulikuwa na njaa, na yeye ndiye mwenyekiti." Alimgeukia aliyekuwa mume wake, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aketi. "Yangu umeijaza, Baba Lubna, tumeiona. Zile nyingine umeziweka wapi?"

"Zilikwenda Kismayo zote," alisema Fuadi.

"Yangu haikwenda."

Idarus aliinua kichwa. Midomo yake ilitembea kama anayehesabu majina. Mwalimu Badi aliiweka tasbihi mfukoni, akalikumbatia daftari la mwezi kifuani kwa mikono miwili, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu wa suluhu tena.

"Umeulizwa, Fuadi. Kidole cha mke wangu kiko wapi?"

Twahira alifungua kijidaftari chake ukurasa mpya, akaandika tarehe juu, akangoja na kalamu mkononi. Fuadi aliinuka. Alikung'uta kanzu yake mahali pasipokuwa na vumbi, akapapasa kwa mguu mpaka akavipata viatu vyake, akavivaa cha kushoto kwanza. Akashuka ngazi za msikiti, akapita kisimani bila kumsalimu aliyekuwapo, akaenda zake.